Jiwe jeusi lilitangulia au lilifuata? Uchambuzi wa kisa cha kupanga umri wa matabaka mkoani Kigoma

Usuli

Kijiji cha kisa hiki kiko mkoani Kigoma, kwenye miinuko inayoshuka kuelekea bonde la mto Malagarasi. Jina la kijiji, majina ya watu na jina la mkandarasi yameondolewa. Mpangilio wa miamba na vipimo vyake vimeachwa kama vilivyoandikwa uwandani, kwa sababu bila hivyo kisa hakifundishi kitu.

Kisima kirefu cha kwanza kilichorongwa hadi mita 90 na hakikutoa maji ya kuwekea pampu. Mashine ilipita udongo na moramu kwa mita 12, ikaingia kwenye jiwe jeusi gumu, na haikutoka humo hadi kazi iliposimamishwa. Ripoti iliyofuata ilisema jiwe hilo ni mwamba moto, yaani uliotokana na uji wa mawe yaliyoyeyuka, uliojipenyeza kwa ulalo katikati ya matabaka ya mchanga, kwamba unene wake unazidi mita 78, na kwamba kijiji kitafute maji mbali na hapo. Ushahidi uliotajwa ulikuwa mmoja: korongoni, mita 300 hivi kutoka kisimani, jiwe la mchanga lililo chini ya jiwe jeusi lina dalili za kuungua. Limekakamaa kuliko kawaida na limegeuka rangi kwa kina cha sentimita 20.

Timu ya wanajiolojia wawili na fundi sanifu mmoja wa maji ikaombwa kupitia upya eneo lilelile kabla kijiji hakijakata tamaa. Swali lilionekana la darasani, lakini pesa ya kisima cha pili ililitegemea: jiwe jeusi ni la zamani kuliko matabaka mekundu yaliyo juu yake, au lilikuja baadaye?

Tofauti ni kubwa. Kama jeusi ni lava, basi lilitiririka juu ya ardhi, likapoa, likapasuka, likapigwa na mvua na jua, ndipo kokoto na mchanga mwekundu vikalifunika. Uso wake wa juu ni ardhi ya kale yenye nyufa, na ardhi ya namna hiyo ikizikwa mara nyingi hupitisha maji. Kama lilipenya baadaye kati ya matabaka yaliyokwisha kuwa mawe, hakuna ardhi ya kale wala kokoto hapo. Kuna mguso mkavu wa jiwe kwa jiwe.

Miamba iliyoonekana korongoni

Ukitoka chini kwenda juu, korongo linaonyesha jiwe jeupe la mchanga lililo gumu sana, karibu kwatzaiti, yaani mchanga ulioshikamana hadi chembe zake zikawa kama jiwe moja. Juu yake kuna tabaka jembamba la jiwe la tope la rangi ya zambarau, kisha jiwe jeusi lenye unene wa mita 17 ukipima kwa pembe mraba na tabaka. Hapo korongo linafunikwa na nyasi na udongo kwa mita kadhaa, na linapofunguka tena unakuta matabaka mekundu ya mchanga na tope. Yote yameinama digrii 18 kuelekea kaskazini-mashariki. Juu kabisa moramu imelala karibu usawa na imefunika ncha za matabaka yote bila kujali mwinamo wao, kwa hiyo ni changa kuliko yote.

Jiwe jeusi lina vijitundu vya mapovu ya gesi vilivyojazwa madini, vingine vyeupe na vingine vya kijani, vyenye umbo la lozi. Lava za aina hii zinajulikana vizuri katika ukanda huu wa Kigoma na Burundi. Zinaitwa lava za Gagwe upande wa Tanzania na Kabuye upande wa Burundi, na vipimo vya argoni vimezipa umri wa takriban miaka milioni 795. Hata hivyo timu haikuruhusu jina hilo liingie daftarini siku za mwanzo. Ukishaita jiwe lava, macho huacha kutafuta ushahidi wa kinyume.

Visukuku visingesaidia. Wanyama wenye magamba na mifupa walienea baharini kuanzia miaka milioni 540 hivi iliyopita, na miamba ya hapa ni mikongwe kuliko hapo. Kilichobaki ni kusoma mipaka kati ya mwamba na mwamba.

Kazi ilivyokwenda

*Mpaka wa chini.* Timu ilianza pale ripoti ya kwanza ilipoishia. Dalili za kuungua zilikuwepo kweli, na ripoti haikukosea kuziona. Ilikosea katika maana. Lava inayotiririka kwenye ardhi huunguza kilicho chini yake, na mwamba moto unaopenya nao huunguza kilicho chini yake. Mpaka wa chini pekee hauwezi kutenganisha hali hizi mbili hata ukiukagua mwaka mzima. Jibu liko mpaka wa juu, na mpaka wa juu ndio uliofunikwa na nyasi.

*Mtaro.* Vijana wanne wa kijiji walichimba mtaro wa urefu wa mita 4, upana mita 1.2 na kina mita 1.6, kwa jembe na sururu, ukikatiza mahali mpaka ulipotarajiwa. Pembeni ulichongwa ngazi, maana udongo mwekundu uliolowa huporomoka ghafla na kumfukia mtu.

Kilichoonekana mtaroni ndicho kiini cha kisa hiki. Chini kabisa kuna jiwe jeusi zima, na lozi zake nyeupe zinachemka ukizidondoshea asidi haidrokloriki ya asilimia 10, yaani ni kalsaiti. Kadiri unavyopanda lozi zinaongezeka, kama inavyotarajiwa kwenye lava, kwa sababu mapovu hupanda na kunaswa karibu na uso unaopoa. Sentimita 40 za juu jiwe ni laini, la hudhurungi, na lozi ni matundu matupu: kalsaiti imeyeyuka. Kutoka juu zinashuka nyufa zilizojaa mchanga mwekundu hadi kina cha sentimita 25. Juu ya hapo kuna tabaka la jiwe la kokoto la sentimita 60, kisha jiwe jekundu la mchanga lisilo na dalili yoyote ya kuungua. Kisu kinalikwaruza sawasawa karibu na mpaka na mita mbili juu yake.

Kokoto 100 zilichomolewa na kuvunjwa moja moja. Kokoto 63 zilikuwa jiwe jeusi lenye lozi, 29 jiwe jeupe la mchanga, na 8 kwatzi, jiwe gumu jeupe kama maziwa. Hakuna hata moja ya jiwe jekundu. Kokoto iliyo ndani ya zege ilikuwepo kabla ya zege, na hapa ni vilevile: jiwe jeusi lilikuwa limeshapoa, limeshavunjika na limeshaviringishwa na maji kabla tabaka jekundu halijaanza kuwekwa. Zile 29 nyeupe nazo zina habari yake. Jiwe jeupe liko *chini* ya lava, kwa hiyo ili kokoto zake zifike juu ya lava ni lazima mahali fulani mmomonyoko uwe umeshaikata lava yote na kulifikia. Kati ya lava na matabaka mekundu kuna muda uliopotea, na si mfupi, ingawa mwinamo wa pande zote mbili ni ule ule wa digrii 18.

Fundi sanifu alileta pingamizi nzuri: huenda kokoto hizi ni za juzi, zimeteremka mlimani na kukwama, na ule ulaini wa lava ni kazi ya mvua za sasa. Timu ilijibu kwa kuchimba kuelekea kaskazini-mashariki. Tabaka la kokoto liliingia chini ya jiwe jekundu gumu likiwa na mwinamo ule ule, na ndani yake kulikuwa na kokoto nyeusi zilizooza ganda la nje zikiwa zimeshikwa na mchanga mgumu usiooza. Zilioza kwanza, zikazikwa baadaye.

*Jiwe jeusi la pili.* Ikiwa lava ina unene wa mita 17, kisima kilipitaje mita 78 za jiwe jeusi? Mifuko ya vipande vya mwamba kutoka kisima cha kwanza, mmoja kwa kila mita 3, ilikuwa bado stoo ya ofisi ya kijiji. Hongera kwa aliyeitunza. Vipande vilioshwa na kukaguliwa kwa lenzi ya kukuza mara 10. Hakukuwa na lozi hata moja, kuanzia mfuko wa kwanza wa jiwe jeusi hadi wa mwisho. Chembe za madini zilionekana kwa macho, za milimita 1 hadi 2.

Huo ni mwamba mwingine: doleraiti, mwamba moto mweusi uliopoa chini ya ardhi. Timu ilitafuta na kuikuta ikichomoza kwenye njia ya ng'ombe kama ukuta wa upana wa mita 8, karibu wima, ukikatiza matabaka mekundu na kuelekea moja kwa moja kwenye kisima. Kingo zake zote mbili zina chembe ndogo mno kwa sentimita 4 hivi, kwa sababu zilipoa haraka zilipogusa jiwe baridi, na jiwe jekundu la tope limeungua na kukakamaa *pande zote mbili*. Kilichokatwa kilikuwepo kabla ya kinachokata. Doleraiti hii, ambayo kwa umbo lake la ukuta wanajiolojia huiita daiki, ni changa kuliko matabaka mekundu, na lava ni kongwe kuliko matabaka hayo. Ripoti ya kwanza ilikuwa imeunganisha mawe mawili meusi yenye umri tofauti kuwa mwamba mmoja. Mashine haikupita tabaka nene. Ilishuka ndani ya ukuta wa wima kutoka juu hadi chini.

*Mahali palipopinduka.* Kaskazini ya korongo, karibu na shule, kuna mahali matabaka mekundu yanaonekana *chini* ya jiwe jeusi lenye lozi. Wajumbe wa kamati ya maji walipaonyesha kwa haki kabisa: mbona hapa mpangilio ni kinyume? Mzee mmoja aliyechimba visima vifupi ujanani alimwambia fundi, "Mwanangu, jiwe halisemi uongo, ila huenda limelala kifudifudi."

Ndivyo ilivyokuwa. Tope likikauka hupasuka, na ufa huwa mpana juu na mwembamba chini. Mchanga unaofuata huujaza ukabaki na umbo la kabari. Ncha ya kabari huelekeza chini, kwenye ardhi ya siku ile. Hapa ncha zote zilitazama juu. Kipimo cha pili kilikuwa mistari ya mshazari ndani ya jiwe la mchanga, ile inayoachwa na mkondo wa maji. Kwa kawaida mistari hiyo hujipinda taratibu kuelekea sakafu ya tabaka, na upande wa juu hukatwa ghafla na tabaka linalofuata. Hapa upande uliokatwa ulikuwa chini. Kipimo cha tatu kilikuwa lozi za lava: zilisongamana upande wa chini badala ya juu. Matabaka yamekunjwa na kupinduliwa kando ya ufa mkubwa ambao upande wake mmoja umesukumwa kuukwea mwingine. Mpangilio wa umri ni ule ule wa korongoni, ila umelazwa kichwa chini.

Kabari, mistari ya mshazari na lozi hutokana na mambo matatu yasiyohusiana. Kukubaliana kwao ndiko kulikoipa timu ujasiri. Kwa kabari peke yake, hasa kama ziko mbili au tatu, mtu asipindue ramani.

Maamuzi na sababu zake

Kulikuwa na sehemu tatu za kuchagua. Ya kwanza, jirani na kisima cha zamani, iliachwa kwa sababu ya daiki. Ya pili, karibu na shule, ndiyo iliyopendwa na kamati, na sababu zao zilikuwa za msingi: watoto wangechota karibu. Timu ilishauri iachwe. Kwenye mkunjo uliopinduka uso wa lava unatazama chini, na huwezi kukokotoa uko kina gani mita 50 mbele, maana mwinamo hubadilika hatua kwa hatua.

Ya tatu ilikuwa mita 200 kutoka mtaroni kwa kufuata upande wa mwinamo, mita 120 kutoka mstari wa daiki. Hesabu ilikuwa rahisi: mita 200 mara tanjenti ya digrii 18 ni mita 65, jumlisha mita 6 ambazo ardhi ya hapo imepanda juu ya mtaro, unapata mita 71 hadi uso wa lava. Kilicholengwa hakikuwa matundu ya lozi, kama wengi wanavyodhani. Lozi zilizojazwa madini hazina nafasi ya maji, na hata zilizo tupu hazijaungana. Kilicholengwa kilikuwa jiwe la kokoto, nyufa za uso wa lava, na zile sentimita chache zilizooza.

Uamuzi mmoja mdogo ulisaidia sana: kwenye mkataba wa kuchoronga iliandikwa kwamba vipande vikusanywe kila mita 1 kuanzia mita 55, na kwamba mashine isisimamishwe kwa sababu tu imegusa jiwe jeusi. Ingefaa kuendelea angalau mita 10 ndani yake, huku mtu akiangalia lozi kwa lenzi.

Matokeo

Kokoto zilianza kutoka mita 64. Jiwe jeusi, laini, lenye matundu ya lozi, lilianza mita 67. Tofauti ya mita 4 na makadirio inaelezeka: mwinamo ukiwa digrii 17 badala ya 18, hesabu inatoa mita 67 kamili, na dira ya mkononi haiwezi kuahidi usahihi zaidi ya digrii moja au mbili. Maji yaliingia kati ya mita 64 na 70. Uchorongaji ulisimama kina cha mita 82, ukiwa ndani ya lava isiyooza. Jaribio la pampu la saa 24 lilitoa lita 2,400 kwa saa, na kina cha maji kilishuka mita 11 kisha kikatulia. Pampu ya sola ikifanya kazi saa 8 hutoa lita 19,200 kwa siku. Kamati ilitamani zaidi, na bado maji hayo yanabebwa umbali mrefu hadi shuleni hadi bomba litakapovutwa.

Uchambuzi

Nicolaus Steno aliandika mwaka 1669 kwamba matabaka huwekwa yakiwa yamelala usawa, la chini kwanza na la juu baadaye, na kwamba tabaka huendelea pande zote mpaka likutane na kizuizi. Mwanafunzi hukariri hayo kwa nusu saa. Ugumu unaanza pale kanuni ya "la chini ndilo kongwe" inapokutana na miamba ambayo haikuwekwa, bali ilipenya, au iliyowekwa kisha ikapinduliwa. Kijiji hiki kina zote mbili ndani ya mita 500.

Kilichofanya kazi ni kuhamisha macho kutoka kwenye mwamba kwenda kwenye mpaka wake, na kuuliza pale mpakani maswali yale yale: nani ameungua, nani amekatwa, kipande cha nani kimo ndani ya nani? Mwamba mweusi ukitazamwa wenyewe hauna tarehe. Mpaka wake wa juu ukifunuliwa kwa jembe, una majibu matatu au manne ndani ya mita mbili. Gharama ya mtaro ilikuwa ujira wa vijana wanne. Gharama ya kutouchimba ilikuwa mita 78 za kuchoronga doleraiti.

Kutunza vipande vya kisima cha kwanza nako kuliokoa muda mwingi. Mara nyingi vipande hivi humwagwa siku mashine inapoondoka, na kisima kikavu kinabaki bila ushahidi wa kwa nini ni kikavu.

Kilichoshindwa ni rangi. Timu ilitumia muda kujaribu kuoanisha matabaka mekundu ya kingo mbili za korongo kwa kulinganisha wekundu wao, yaliyopauka kwa yaliyopauka na yaliyokolea kwa yaliyokolea. Wekundu unatokana na kutu ya chuma, na maji ya ardhini huupunguza au kuukoleza bila kufuata tabaka. Tabaka moja lilikuwa jekundu kolevu upande mmoja na la waridi upande wa pili. Mwishowe oanisho lilifanywa kwa aina za kokoto na kwa mfuatano wa matabaka manne mfululizo, na hapo likakaa.

Ripoti ya kwanza nayo isibezwe. Iliona kuungua ambako wengi wangepita bila kuona. Pengo lake ni kwamba iliandika hitimisho la mpaka mmoja kana kwamba mipaka yote miwili imekaguliwa. Sentensi moja ya "mpaka wa juu umefunikwa, haujaonekana" ingemfanya msomaji anayefuata achukue jembe.

Jambo moja halijapangwa hadi sasa: ufa mkubwa na daiki, kipi kilitangulia. Vyote viwili vinakata matabaka mekundu na vyote viwili vimefunikwa na moramu, kwa hiyo viko kati ya hayo mawili. Mahali vinapokutana pako chini ya shamba la mihogo, na mwenye shamba aliomba ingojwe hadi avune. Kwenye mchoro wa mwisho matukio hayo mawili yameandikwa mstari mmoja yakitenganishwa na alama ya kuuliza. Mihogo ikishang'olewa, mtaro mmoja utatosha: kama ukuta wa doleraiti umevunjwa na kusogezwa, na vipande vyake vilivyosagika vimo ndani ya ufa, daiki ilitangulia. Kama unapita ufa bila kukatika, na jiwe lililosagika la ufa limeungua kandokando yake, ufa ulitangulia.